Mikono ya Katara

"Mamdogo, kama mkono wa mama."

Alisema hivyo bila kugeuka. Alikuwa amekaa mkekani, kidevu juu ya magoti, macho kwenye kompyuta yangu, na pale kwenye kioo Katara, msichana wa kwenye katuni, alikuwa amekumbatia mikono yake iliyoungua, analia, anakimbilia mtoni. Mtoto wa dada yangu ana miaka minane. Kovu la mama yake analijua tangu ananyonya: linaanzia juu ya kiganja cha kushoto, linapanda hadi karibu na kiwiko, ngozi imejikunja na kung'aa kama nailoni iliyopitiwa na pasi. Hakuna aliyewahi kumwambia limetoka wapi. Limetoka kwangu.

Nikasimamisha katuni. Nikamwambia ngoja nikabandike chai, nikaenda kusimama jikoni, na chai sikuibandika.

Nimeitazama Avatar: The Last Airbender mara nne sasa. Mara ya pili na ya tatu, kipindi hiki nilikuwa nakipitisha mbio. Safari hii mtoto alikuwepo, anasikiliza kwa makini, na mimi ndiye mkalimani wake, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Kwa asiyeijua: ni katuni ya Marekani iliyoanza kurushwa na Nickelodeon Februari 2005 na kumalizika Julai 2008. Walioibuni ni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Vipindi 61, vimegawanywa katika misimu mitatu ambayo wenyewe wameiita vitabu: Maji, Ardhi, Moto. Mimi niliipata hapa Morogoro mwaka 2010, niko kidato cha pili, kwa sidii za kukodi. Tulikuwa na deki inayokwaruza, picha inaganda midomo ya watu ikiwa wazi, lakini tulimaliza vitabu vyote vitatu.

Ulimwengu wake una mataifa manne: Makabila ya Maji, Ufalme wa Ardhi, Taifa la Moto na Wahamaji wa Hewa. Katika kila taifa wapo wanaozaliwa na uwezo wa kukiongoza kitu kimoja, cha kwao tu. Mtu mmoja pekee duniani, Avatar, ndiye anayeweza kujifunza vyote vinne, na akifa huzaliwa upya katika taifa linalofuata kwenye mzunguko. Zamu hii Avatar ni Aang, mtoto wa miaka 12 kutoka kwa watu wa hewa, ambaye amekaa ndani ya barafu miaka 100. Anapozinduka anakuta watu wake wote wameuawa na Taifa la Moto, vita haijaisha, na yeye ana chini ya mwaka mmoja kujua maji, ardhi na moto kabla kimondo cha Sozin hakijapita na kuwaongezea adui nguvu kupita kiasi.

Neno la kujifunza ndilo ninalolipenda. Aang amezaliwa Avatar, lakini hilo halimfundishi kitu. Inabidi aende kwa mwalimu, asimame, akosee, aambiwe rudia.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa kulitafsiri jambo lenyewe. Kwa Kiingereza chao watu hawa "wanapinda" maji, "wanapinda" moto. Nikijaribu kumwambia mtoto kwamba Katara anapinda maji, ananitazama kama nimechanganyikiwa, maana kinachopindwa ni waya au fimbo. Nikasema wanatawala. Akauliza, kama rais? Siku ya tatu akalipata mwenyewe. Akasema, "Anayafuga." Katara anafuga maji, Toph anafuga ardhi, Zuko anafuga moto. Nikaliacha hivyo hivyo, kwa sababu kufuga kuna mambo yote yaliyomo mle ndani: unakilisha, unakizoea, kinakuzoea, na siku ukijisahau kinakupiga teke. Isitoshe, katika hadithi yenyewe binadamu walijifunza kutoka kwa viumbe. Hewa waliwaiga nyati wanaoruka, ardhi wakawaiga fuko wakubwa vipofu, moto wakajifunza kwa majoka. Watu wa maji ndio walioutazama mwezi unavyovuta na kuachia bahari.

Halafu angalia miguu. Nimeshamwambia mtoto, ukitaka kuielewa katuni hii usiangalie moto na maji, angalia nyayo. Waandaaji walimtumia mwalimu wa kung fu, Sifu Kisu, na kila nguvu ikapewa mtindo wake wa kweli wa Kichina. Maji ni tai chi, uzito unahama mguu huu kwenda ule na mikono inafuata taratibu. Ardhi ni Hung Gar, magoti yamekunjwa, mtu ameketi hewani kama yuko juu ya farasi. Moto ni Shaolin ya kaskazini, mateke marefu na ngumi zinazotoka mfululizo. Hewa ni bagua, ambayo wanaoicheza hutembea duara na hawakai mahali pamoja. Toph peke yake kapewa mtindo wa vunjajungu wa kusini, kwa kuwa ni kipofu, anasikia ardhi kwa nyayo tupu, na hawezi kuwa na mwendo sawa na wenzake. Ukijua hayo, unaanza kuona kwa nini Aang anashindwa pale anaposhindwa.

Maji hayakumsumbua. Katara ndiye aliyeanza kumwonyesha, na ndani ya muda mfupi Aang alimpita, hadi Katara akaona wivu na kumfokea. Maji na hewa vinaelewana, vyote vinapenda kuzunguka kikwazo. Mwili wake ulikuwa tayari.

Ardhi ikamgomea. Kipindi chenyewe kiko Kitabu cha Pili na kinaitwa Bitter Work, yaani kazi chungu, na kwangu ndicho bora kuliko vyote 61. Toph anamweka Aang mbele ya jiwe, anamwambia lisukume. Aang anafanya mkao sahihi, anapiga, na anayesukumwa ni yeye. Jiwe liko palepale. Anaanza kutafuta namna nyingine, labda kwa upande, labda kwa ujanja, na Toph anamkata: hakuna upande mwingine, hakuna ujanja, ni wewe na jiwe uso kwa uso. Kisha anapanda mlimani amviringishie jiwe kubwa kutoka juu. Katara anauliza kwa adabu kama kweli hiyo ndiyo njia nzuri ya kumfundisha. Toph anasema ahsante kwa kunikumbusha, ipo iliyo bora zaidi, anamfunga Aang kitambaa machoni. Jiwe linakuja. Tunamwona Aang amesimama, jasho, vidole vya miguu vinajikunja. Nukta ya mwisho anaruka.

Hapo mtoto alisema, "Hata mimi ningeruka." Nikamwambia kila mtu angeruka, na mtu wa hewa ndiye aliyezaliwa kuruka. Maisha yake yote kukwepa ndiko kulikomweka hai. Sasa anaambiwa asikwepe. Shida haiko kwenye mikono yake, iko kwenye tabia yake, na tabia haibadiliki kwa kuonyeshwa mkao.

Inavyobadilika ni hivi. Sokka, kaka yake Katara, amenasa kwenye shimo, kichwa na mikono tu ndiyo viko nje, na mnyama mkubwa mwenye meno kama visu anakuja kumtetea mtoto wake. Aang hana jinsi. Akiruka, Sokka anakanyagwa. Anasimama katikati. Mnyama anakuja, Aang hakimbii, na mnyama anaondoka. Kumbe Toph alikuwa pembeni muda wote akisikiliza. Anaichukua fimbo ya Aang, ile ya kurukia, urithi wake wa kwa watu wake, anaanza kuvunjia karanga. Tangu asubuhi alikuwa anaivunjia karanga na Aang anavumilia kwa upole. Sasa Aang anamwambia hapana, nirudishie. Toph anamjibu: umesimama mbele ya mnyama, na umesimama mbele yangu, haya sogeza jiwe. Jiwe likasogea.

Ninaporudia kuitazama sehemu hiyo, namwona mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari, aliyenifokea muhula mzima mpaka siku niliyomwambia, mbele ya darasa, kwamba jibu lake ubaoni lilikuwa na kosa. Alifuta, akarudia, akanipa chaki. Lakini leo siandiki kuhusu huyo.

Moto ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo naona watu wengi wanaoijadili katuni hii wanachanganya. Wanasema Aang alishindwa ardhi, akashindwa moto. Ardhi kweli ilimshinda. Moto haukumshinda. Mara ya kwanza tu alipoujaribu ulimtii.

Ilikuwa Kitabu cha Kwanza, kabla ya wakati wake, maana mzunguko unasema maji, halafu ardhi, ndipo moto. Alimpata Jeong Jeong, jemadari aliyelitoroka jeshi la Taifa la Moto kwa kuuchukia moto wake mwenyewe. Mzee huyo hataki kufundisha. Akilazimishwa, anamfundisha Aang kusimama na kupumua. Baadaye anampa jani lenye cheche ndogo katikati, kazi ni kuuzuia moto usifike pembeni mwa jani, kwa muda mrefu kadiri anavyoweza. Basi. Hakuna kurusha, hakuna kulipua.

Aang anachoka na jani. Mwalimu akiondoka anaukuza moto, anaufanya mkubwa mkononi, anauchezea kama mpira, anacheka. Katara yuko karibu, anamwambia aangalie. Aang anauzungusha kwa ile furaha ya mtu wa hewa, mduara mpana, na moto unamfikia Katara mikononi.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, dada kumi na miwili. Mama alikuwa ameenda sokoni, ametuachia maharage. Mkaa ulikuwa na unyevu, dada anapepea kwa mfuniko wa ndoo, makaa machache chini yamekolea, ya juu bado meusi. Mimi nikaona anachelewa. Nilishawaona wakubwa wakimwagia mkaa mafuta ya taa kabla ya kuwasha. Nilichokuwa sijui ni kwamba huwa wanamwagia mkaa wa baridi. Nikachukua kidumu, nikamimina. Kwanza ulipanda moshi mweupe, mzito, ukakaa kitambo juu ya jiko kana kwamba hakuna kitakachotokea. Halafu wote ukashika kwa mpigo. Mkono wa dada ulikuwa pale na mfuniko.

Jirani alikuja na dawa ya meno, akapaka mkono mzima. Alifanya alichokuwa anakijua. Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya huduma ya kwanza kazini, tuliambiwa mtu akiungua weka sehemu ile chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20, usipake kitu. Niliandika ile 20 kwenye daftari nikaizungushia duara mara nyingi hadi karatasi ikachanika. Katika katuni Katara anaitumbukiza mikono mtoni, maji yanawaka mwanga wa buluu, na ngozi inarudi. Ndiyo mara ya kwanza anagundua kwamba maji anayoyafuga yanaponya. Sisi ndoo ya maji ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiko.

Baada ya hapo Aang anasema hatatumia moto tena. Katara, huyo huyo aliyeungua, anamwambia siku moja itabidi. Aang anakataa kabisa.

Niliposikia hivyo mwaka 2010, nikiwa nimekaa sakafuni mbele ya deki, nilikuwa na miaka sita sijawasha jiko. Nyumba ya kina sisi, msichana asiyewasha jiko ni mzigo. Nilikuwa nachota maji, nachambua mchele, namenya, naosha vyombo vya watu wote, usiku natandika vitanda, ili mradi asitokee mtu wa kuniambia washa moto. Watu walidhani ni mvivu wa jambo hilo moja. Kibiriti nilikuwa najua kukiwasha. Wala sikuogopa kuungua. Niliogopa mkono wangu mwenyewe, kwamba una kitu ndani yake na kikitoka kitampata mtu mwingine. Ndiyo maana nasema Aang hakushindwa moto. Anayeshindwa hufundishwa mkao. Yeye alikuwa na hatia, na kwa hatia hakuna mkao.

Nilirudi kutoka jikoni nikamweleza mtoto yote, kwa mpangilio, bila kupunguza. Akauliza, "Mama alilia?" Nikasema alilia sana. "Na wewe?" Nikasema na mimi. Akafikiri. Akauliza kama bibi alinichapa. Nikamwambia hapana, bibi alikaa kimya wiki nzima. Akasema, "Haya, weka tuendelee."

Tukaendelea, siku nyingi, hadi Kitabu cha Tatu, kwa Zuko. Huyu ni mwana wa mfalme wa Taifa la Moto, ana kovu linalofunika jicho la kushoto, na aliyemuunguza ni baba yake mzazi, akiwa na miaka 13. Misimu miwili amemwinda Aang. Sasa amekuja kuomba amfundishe moto. Napenda kwamba katuni haikumpa Aang mwalimu mtulivu asiye na doa. Ilimpa aliyeungua. Na cha ajabu, Zuko akishafika upande huu, moto wake unamwishia. Muda wote ulikuwa unawashwa na hasira, hasira imeondoka, anapiga ngumi inatoka cheche ya kiberiti.

Wawili hao wanaenda kwenye magofu ya Mashujaa wa Jua, na kiongozi wao anawapa kila mmoja kimoto kidogo kutoka kwenye moto wao wa milele, wapande nacho mlimani. Kikiwa kidogo mno kitazimika, kikiwa kikubwa mno kitawashinda. Ni kazi ya jani la Jeong Jeong imerudi, safari hii Aang haichoki. Anakishika kwa mikono miwili na kusema kinadunda kama moyo mdogo. Juu wanayakuta majoka mawili, Ran na Shaw, na majoka hayo yanawazungushia moto wa kila rangi, wala hauwaunguzi. Zuko uso wake wote unabadilika. Mtoto wa dada yangu alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Sikumwambia arudi nyuma.

Mwaka 2011 dada alikuwa anakaribia kuolewa. Jioni moja alikuja uani na kibiriti, akakiweka kwenye kiganja changu. Akasema, "Nikiondoka, mama atawashiwa moto na nani?" Alichuchumaa nyuma yangu, mkono wake wa kushoto, ule wenye kovu, ukashika kifundo cha mkono wangu. Hakusema usiogope. Alisema, "Karatasi kwanza. Halafu vijiti. Mkaa mdogo mdogo juu. Sasa." Mafuta ya taa hayakuwepo uani.

Kuhusu mwisho wa katuni nina lalamiko moja. Aang anakataa kumuua mfalme Ozai, baba yake Zuko, hata pale ambapo Maavatar waliomtangulia wanamshauri awe tayari, na kukataa kwake nakuheshimu sana. Ila njia ya kumnyang'anya Ozai nguvu zake anapewa na simba-kobe mkubwa wa baharini kwa kuguswa tu kifuani na kwenye paji la uso. Vipindi 60 tumeonyeshwa kwamba kila kitu kina mwalimu na jasho, halafu hiki kinakuja kama zawadi. Kinanikwaza kila mara.

Kinachonifariji ni mapigano yenyewe kabla ya hapo. Ozai anamrushia radi. Aang anaipokea kwa vidole, anaipitisha tumboni badala ya moyoni, na anaitoa kwa mkono mwingine, tena pembeni, si kwa Ozai. Mbinu hiyo alifundishwa na Zuko, ambaye alifundishwa na baba yake mkubwa, Iroh, ambaye aliibuni kwa kuwatazama watu wa maji. Mzee wa moto alikaa akatazama jinsi adui zake wanavyopokea nguvu na kuirudisha, akaitia kwenye mikono yake. Na Ozai anapomnyemelea kwa nyuma, Aang anamsikia kwa unyayo, somo la Toph, ardhi inapanda na kuushika mkono wa Ozai. Hageuki hata kuangalia. Nilirudisha sehemu hiyo mara tatu ili mtoto auone mguu.

Jumapili dada alikuja kumchukua. Mimi nilikuwa uani nawasha jiko la jioni. Mtoto alimkimbilia, akamwambia kwa pumzi moja, "Mama, Aang amefuga moto, na mamdogo ameniambia mkono wako."

Dada akanitazama. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akaweka mkoba wake juu ya kigoda, akachuchumaa upande wa pili wa jiko, akachukua kipepeo. Mtoto akajipenyeza katikati yetu, akaomba ashike yeye. Tukampa.